Kiti cha Mbele cha Mama

Jumatatu, 8 Septemba

Ruhusa imetoka. Filip, msimamizi wetu wa zamu, ameniambia naweza kubandika kamera kwenye kioo cha mbele cha treni, mradi niibandike kabla ya kuondoka, nisiiguse mpaka mwisho wa njia, na nisiseme neno njiani. Kampuni itazitumia video kufundishia madereva wapya, nami nitabaki na nakala. Nilijifanya sijali, maana Mswidi akiona umefurahi kupita kiasi huanza kujiuliza una nia gani. Lakini nilipoingia chooni nilicheka peke yangu.

Kwa kuwa siruhusiwi kusema mbele ya kamera, nitayaandika hapa yale ambayo ningeyasema.

Mimi ni dereva wa tunnelbana, treni ya chini ya ardhi. Naendesha njia nyekundu, Norsborg hadi Ropsten na kurudi, kutwa. Nilikuja Stockholm kusomea shahada ya pili ya uchumi. Shahada iko kabatini na mimi niko handakini. Video hizi, kampuni ifikirie itakavyo, ni za Mama. Yuko Elburgon kwa dada yangu Tracy, kitandani tangu Pasaka, moyo umechoka na miguu imevimba. Tulipokuwa watoto alikuwa akiuza plamu na viazi vya kuchemsha pale stesheni, anainua beseni hadi dirishani abiria wa Kisumu wachague. Hajawahi kupanda treni. Ana mtoto dereva wa treni na yeye hajawahi kupanda, na jambo hilo limenikera miaka mingi.

Leo nimemtumia safari nzima bila kukata. Tracy alimshikia simu mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni Mama akatuma sauti, kwa Kiswahili chake cha stesheni: "Kumbe raha yote iko huku mbele, baba. Mimi nilikuwa naona ubavu tu." Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake, Kariuki.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Kamera ilidondoka kituo cha Fittja. Sikuigusa.

Jumapili, 14 Septemba

Mkutano wa umoja wetu wa Wakenya baada ya ibada, ukumbi uleule wa Hallunda, chai ileile baridi. Ajenda ilikuwa Aron, dereva wa basi anayekaa Fisksätra. Aliambiwa kwa simu kwamba baba yake amefariki, akiwa kituoni na abiria ndani. Akaondoa basi kana kwamba hajasikia kitu, akagonga kibanda cha kituo kilichofuata. Hakuumia mtu, lakini mpaka leo hajarudi kazini.

Mwenyekiti wetu, Kiptoo, ni mhandisi, na mhandisi akiona tatizo lazima alitungie kanuni. Akapendekeza kwamba mwenzetu yeyote anayeendesha chombo cha abiria akifiwa, asiambiwe kwa simu wala wakati wa zamu. Umoja uzungumze na familia yake nyumbani, wanyamaze, hadi apatikane ametulia, aambiwe ana kwa ana na watu wake. Akauliza nani anaunga mkono. Nikainua mkono kabla hajamaliza kuuliza. Nabeba watu treni nzima, na ninajua kichwa kikiwa kwingine mguu unafanya nini. Mke wangu Wangari aliniminya goti, akasema, "Leo umeamka vizuri."

Ijumaa, 19 Septemba

Mama ameanza kuniamrisha. "Ukitoka kwenye shimo pale Slussen, ukifika darajani, punguza nione maji vizuri." Leo nikamtumia nyingine, na darajani treni ikapungua mwendo, boti zikaonekana, na minara ya mji wa kale. Akatuma sauti ya kushukuru ndefu kama mahubiri. Sikumwambia kwamba pale sote tunapunguza, kuna kona.

Kaka yangu Gregory, anayesafirisha viazi kwa pikapu yake, huenda kwa Tracy jioni kuangalia pamoja na Mama. Ameniuliza, "Sasa hiyo sheria yenu, hata kukohoa mwiko?" Nikamwambia hata kukohoa. Unafunga kamera, unanyamaza, unafika.

Jumanne, 30 Septemba

Nimenyimwa likizo. Niliomba wiki tatu za Oktoba nikamwone Mama. Madereva hawatoshi, wagonjwa ni wengi, rudi Desemba. Filip alisema kwa upole wote, na upole wao ndio unaoniudhi kuliko kufokewa. Nimepewa kuanzia tarehe kumi na mbili Desemba. Nilikuwa na hasira mpaka nikapitisha milango ya mbele nje ya alama ya kusimamia kituoni Axelsberg. Mzee mmoja akanitazama kwa huruma.

Jumanne, 7 Oktoba

Majani. Wasiojua kazi hii wanadhani adui wa treni ni theluji. Adui ni majani yaliyolowa, yakisagwa juu ya reli yanakuwa kama sabuni. Kuanzia Bredäng hadi Vårby gård unashika breki mapema, na bado treni inateleza. Mama anayapenda. Anasema hakujua kwamba miti inaweza kuzeeka yote kwa pamoja hivi.

Jumapili, 12 Oktoba

Umoja tena. Nilipoulizwa habari za Mama nikajikuta nimesimama, nimeanza kuhutubia. Nikasema kampuni hii haina utu, inakuhesabu pamoja na magurudumu. Nikasema hawa watu hata ukifiwa hawakuachii, watakuambia subiri Desemba. Watu wakatikisa vichwa. Ruqaya, jirani yetu Mtanzania anayekuja kwa ajili ya chapati na umbea, akasema, "Yaani dunia hii jamani." Nilikaa chini nimejaa raha ya mtu aliyetua mzigo.

Njiani kurudi binti yangu, Nicole, ambaye yuko sekondari na hujibu kila kitu kwa Kiswidi, aliniuliza kama ni kweli hawaruhusu mtu aende kuzika. Nikamwambia asinifundishe kazi yangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mama: "Hiyo theluji inakuja lini? Nataka kuiona ikiwa inakuja usoni, nikiwa nimekaa hapo mbele." Nikamwambia Novemba. Akasema, "Basi nitaingoja, baba. Usisahau kupunguza pale darajani." Sauti imepungua. Tracy anasema ni uchovu tu.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Kuanzia leo jua linazama saa kumi, watu hawaulizani hali.

Jumatatu, 3 Novemba

Sauti fupi kutoka kwa Mama. "Nimeona. Leo umekimbia." Sikuwa nimekimbia. Nimeisikiliza mara kadhaa, kuna kitu kama filimbi kwenye pumzi yake. Nimempigia Tracy, akasema daktari amebadilisha dawa. Bado wiki tano na ushee, nami nitakaa kando ya kitanda chake nimshikie simu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimetuma safari ya jana. Tracy amejibu kwa maandishi: "Mama ameangalia, amefurahi. Koo limekauka, daktari amemkataza kuongea." Sawa. Apumzishe koo.

Jumamosi, 8 Novemba

Kiptoo na mkewe wamekuja bila kupiga simu, wamebeba sufuria ya mchuzi wa kuku na chapati za kutosha kijiji. Nikauliza tunasherehekea nini. Kiptoo akasema walipika nyingi. Alinishika mkono akakawia kuuachia, akasema, "Wewe ni mwanaume, Kariuki." Nikamwambia najua, nimejiangalia. Hakucheka. Wangari alikuwa jikoni kwa muda mrefu na bomba la maji limefunguliwa.

Jumanne, 11 Novemba

Kila siku jioni Wangari anakwenda Upplands Väsby, nyumbani kwa Kiptoo, kwa maombi. Ni mji mwingine kabisa, kaskazini huko, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Kwa nini maombi yasiwe Hallunda? Anasema ni maombi ya kina mama. Lakini nimemwona Aron kwenye picha aliyotuma mtu, na Aron si mama wa mtu. Nimemuuliza, akasema, "Usinihoji, tafadhali," akavaa koti. Ndoa ya miaka kumi na minane, na leo kwa mara ya kwanza nimejiuliza kama mke wangu ananidanganya. Nimeona aibu kujiuliza. Nimejiuliza tena.

Jumatano, 12 Novemba

Tracy: "Ameangalia. Amefurahi."

Alhamisi, 13 Novemba

Tracy: "Ameangalia. Amefurahi." Nimemwomba anishikie simu nimwone Mama kwa video. Mtandao mbovu.

Ijumaa, 14 Novemba

Zamu ya asubuhi. Majani, manyunyu. Nimerekodi safari nzuri, mwendo laini, na kwenye breki ya Bredäng hata mtoto aliyelala asingeamka. Nimemtumia Mama. Wangari hakwenda kazini, anasema kichwa kinauma.

Jumapili, 16 Novemba

Leo kanisani kila mtu amenikumbatia. Watu ambao mwaka mzima hunisalimia kwa kidevu wamenikumbatia. Mama mchungaji alinishika mashavu. Ruqaya aliniona akageukia ukutani, akatafuta kitu mkobani ambacho hakikuwamo. Nikamuuliza Wangari kama wamesikia nina saratani. Akasema watu wanakupenda tu. Mimi si mtu wa kupendwa na watu wengi hivyo kwa mara moja. Kuna jambo wanalijua. Nadhani ni la Wangari, na wananihurumia.

Ijumaa, 21 Novemba

Theluji. Ilianza tukiwa ndani ya mwamba wa Masmo, kwa hiyo sikuona ilivyoanza. Treni ilipotoka nje, ikawa imejaa mbele yangu, inakuja usoni, nyeupe, kila chembe inatoka kwenye alama moja katikati ya kioo na kutawanyika. Reli zimefifia, zimebaki mistari miwili ya kijivu. Pale darajani, baada ya Slussen, maji yalikuwa meusi na theluji inazama ndani yake bila kelele. Nilipunguza kuliko kona inavyodai. Hii moja nilipunguza kweli, kwa ajili yake, na mtu wa chumba cha kuelekeza treni akaniuliza kwenye redio kama kuna tatizo. Nikasema hakuna.

Nilishuka Ropsten na macho yamelowa, nikasingizia baridi. Nimemtumia nzima. Alisema ataingoja, na ameingoja.

Jumamosi, 22 Novemba

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanzia mezani.

Tulikuwa tunakula chakula cha mchana, ugali na sukuma, sote watatu, jambo ambalo siku hizi ni nadra. Jibu la Tracy likaingia. Nikalisoma kwa sauti, nikiwa nimefurahi kama mjinga: "Mama ameiona theluji. Amecheka sana. Ameomba arudishiwe tena pale darajani."

Wangari akasema, "Mungu ni mwema," akiangalia sahani.

Nicole akaweka uma chini. "Sluta," akamwambia mama yake. Acha. Akalirudia. Wangari akasema, "Nicole, nyamaza," na sauti yake haikuwa ya mtu anayekemea, ilikuwa ya mtu anayeomba. Mtoto akanigeukia mimi.

"Farmor är död, pappa."

Kiswidi hakina bibi wa jumla jumla. Kuna mama wa mama na kuna mama wa baba, na kila mmoja ana neno lake. Hata pa kujificha hakuna. Nilibaki nimeshika simu. Nicole akadhani sijaelewa, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hajaniambia sentensi ya Kiswahili tangu darasa la tatu: "Shosho alikufa. Siku nyingi. Wote wanajua."

Wangari alianza kulia kabla yangu. "Nilitaka kukwambia," akasema.

"Lini?"

"Alituacha tarehe tano."

"Nakuuliza wewe ulitaka kuniambia lini."

Nikauliza kama amezikwa. Akaitikia kwa kichwa. Ijumaa, akasema. Nikauliza Ijumaa gani, nikiwa tayari najua, maana kuumwa kichwa kwa Wangari kulikuwa Ijumaa, na siku hiyo alikuwa chumbani na mlango umefungwa, akiangalia mazishi ya mama yangu kwenye simu. Nicole aliyaona kwenye simu ya mama yake kesho yake. Mtoto huyu amekaa na jambo hilo wiki nzima, akinisikia mimi nikiuliza mezani kama theluji itawahi.

Sikupiga kelele. Niliinuka, nikaenda chumbani nikafungua video ya tarehe kumi na nne. Walimshusha saa nane mchana ya Elburgon, saa sita ya hapa. Ninayo. Ninajua nilikuwa naangalia nini mama yangu alipokuwa anaingia ardhini. Natoka kwenye handaki la Mälarhöjden, mwanga kidogo, majani kwenye reli, manyunyu kwenye kioo. Kituo cha Bredäng. Mwanamke mwenye kigari cha mtoto. Breki laini ambayo nilijisifia hapa kwa maandishi yangu mwenyewe. Na baadaye nikamtumia, na Tracy, ametoka makaburini na udongo viatuni, akaniandikia kwamba ameangalia, amefurahi.

Nawachukia wote leo. Nitafikiria kesho kama ni kweli.

Jumapili, 23 Novemba

Sikwenda kanisani. Nicole alikuja akakaa pembeni ya kitanda, hakusema kitu, kwa lugha yoyote.

Jumatatu, 24 Novemba

Nilikwenda kituoni kumwambia Filip kwamba leo siendeshi. Aliinuka, akafunga mlango, akasema "Beklagar sorgen", ndiyo pole yao, akanipa mkono. Yeye ndiye mtu wa kwanza kunipa pole. Wengine walinikumbatia, wakanilisha chapati, wakanishika mashavu, lakini neno lenyewe hakuna aliyelitamka.

Akaniuliza ni lini. Nikamwambia tarehe tano. Akatafuta namna ya kusema. Halafu akasema ningeondoka siku hiyohiyo. Kufiwa na mzazi si likizo, hakuombwi mwezi kabla. Ningempigia simu tu, yeye angetafuta wa kuchukua zamu, au angeendesha mwenyewe. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza. Nikamwambia sikujua. Akafikiri sikujua sheria. Nikamwacha afikiri hivyo, kwa sababu hilo nalo ni kweli.

Msimu mzima nimemtukana mtu huyu.

Jumanne, 25 Novemba

Wangari anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mzee akifa pale, familia hupigiwa simu kabla shuka halijabadilishwa. Yeye mwenyewe ndiye hupiga. Ameniambia mara nyingi jinsi ya kusema: polepole, jina kamili, bila kuzunguka. Anaijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote katika umoja wetu.

Nilimwambia hivyo leo. Akasema, "Wale si wangu. Wewe ningewezaje kukutazama ukiondoka asubuhi kwenda kukalia treni?"

"Nisingeikalia. Ningebaki hapa nikalia."

"Tungekuambia Jumamosi ile, siku Kiptoo alipokuja. Ndivyo tulivyopanga. Halafu ukasema kesho yake una zamu, ukaanza mzaha, tukashindwa. Halafu Tracy akasema uambiwe tukishazika. Halafu tukazika. Kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko ya jana."

Namwamini. Hilo ndilo baya. Nilikuwa tayari kumwamini ana mwanaume Upplands Väsby, na kumbe alikuwa anakwenda kwenye matanga yangu. Siku zile zote watu walikaa pale wakaniombea faraja, wakaimba, wakanywa chai, na mfiwa alikuwa hapa nyumbani Hallunda anapasha moto mchuzi wao.

Jumamosi, 29 Novemba

Kiptoo amekuja, peke yake, bila sufuria. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Tulifuata azimio," akasema. "Nawe uliliunga mkono."

"Niliunga mkono mtu asiambiwe akiwa anaendesha. Sikuunga mkono mama yangu azikwe nikiwa naangalia majani."

"Kariuki, ndugu yangu. Wewe ndiye ulisimama mbele yetu ukasema hawa watu hata ukifiwa hawakuachii. Nilimwambia Tracy hivyo, neno kwa neno. Tukasema, sasa tumpe uchungu ambao hawezi kuufanyia kitu, ili iweje? Angalau aendelee kumtumia mama yake zile video mpaka apate ruhusa yake."

Nilitaka kumpiga. Nikamwambia aondoke. Aliposhika ngazi nikamwita, nikamuuliza kama mchungaji wa kule aliyataja majina ya watoto wote. Akasema ndiyo. Akasema waliponifikia mimi walisema niko kazini.

Nimekaa na neno hilo tangu mchana. Niko kazini. Na neno langu mimi, lile la Oktoba, nilivyolisema kwa raha, nimesimama, watu wakitikisa vichwa. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote kama ni kweli. Lilikuwa tamu tu mdomoni. Mtoto peke yake ndiye aliyeuliza, na nilimwambia nini? Lakini sitawasamehe kwa sababu hiyo. Mtu akiropoka kanisani hafai kunyang'anywa mama yake.

Jumatano, 3 Desemba

Theluji imeyeyuka yote. Mvua juu ya barafu. Nimerudi kazini kwa sababu nyumbani ni kugumu zaidi. Filip ameuliza kama nitaendelea na kamera. Nimesema hapana.

Ijumaa, 5 Desemba

Darajani, baada ya Slussen, mkono umepunguza mwendo wenyewe. Kuna kona.

Jumapili, 7 Desemba

Tracy amepiga tena. Leo nimepokea. Alilia tu, halafu akasema, "Ulikuwa unatuma kila siku. Nilikuwa naangalia zote, mpaka mwisho, kwa niaba yake. Nilikaa pale kitandani kwake nikashika simu." Nikamuuliza ile ya theluji nani alicheka. Akasema hakuna aliyecheka. Nikamwambia nimesikia, nikakata.

Alhamisi, 11 Desemba

Nasafiri kesho. Mfuko umejaa zawadi nilizomnunulia Mama tangu Agosti: soksi nzito za sufu, krimu ya miguu, sweta yenye vifungo mbele ili asihangaike kuinua mikono. Wangari aliuliza tuzitoe. Nimesema zibaki. Anakuja pamoja nami, na Nicole pia. Nilitaka kwenda peke yangu, lakini Nicole ameshajifunza namna ya kusema pole kwa Kikuyu, ameirudia bafuni asubuhi nzima, na siwezi kumwacha.

Mchana Gregory ametuma video. Nimekataa simu zake zote tangu siku ile, kwa hiyo ameandika: "Hii sikumwonyesha mtu. Nilifunga kamera kwenye kioo kabla hatujaondoka mochari Nakuru. Sikuigusa mpaka nyumbani. Sijakata. Niliwaambia wote wasiongee."

Sikutaka kuifungua. Saa tisa giza lilipoingia nikaifungua.

Ni barabara. Kioo cha mbele cha pikapu, ufa mdogo kona ya chini, na barabara ya kwenda Njoro. Gregory anaendesha taratibu, taa zimewashwa mchana kweupe, na magari yanayokuja upande wa pili yanasogea pembeni. Mashamba ya ngano yameshavunwa. Mtoto wa shule anavua kofia. Hakuna anayeongea. Mara moja Tracy anavuta pumzi, anaimeza, kimya kinarudi. Mama yuko nyuma. Mimi niko mbele kabisa, kwenye kiti ambacho nilikuwa nampa yeye, na naangalia kama nilivyokuwa nikimtaka aangalie, safari nzima, bila kuruka.

Nilikasirika kwa nusu ya njia. Nilimwambia Gregory kwenye skrini: ulikuwa na simu mkononi, ulikuwa na akili ya kufunga kamera, hukuwa na akili ya kunipigia. Halafu wakaingia Elburgon.

Stesheni inaonekana kushoto, paa lake la mabati, ukuta alipokuwa akiegemea na beseni lake. Pale mbele yake barabara inavuka reli. Gregory anapunguza mwendo, anapunguza tena, mpaka gari linakaribia kusimama juu ya reli zenyewe, kisha linapita.

Najua kwamba pale kila gari hupunguza. Reli imeinuka na lami imeliwa. Nimerudisha nyuma, nikaangalia tena. Gregory hajasema lolote kuhusu pale, na tukikutana sitamuuliza.